Mtambo uliozimwa na barua iliyomchoma sista: kisa cha kutafuta karatasi za hospitali Nairobi

Kisa hiki kilitokea Nairobi, katika hospitali ya umma, pale mwandishi wa redio alipotafuta karatasi za mtambo wa oksijeni uliozimwa. Jiji hili lina hospitali za rufaa za serikali ya kitaifa na lina hospitali za kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliugawa wajibu wa afya namna hiyo. Sitasema hii ni ya upande gani. Wakubwa walio juu ya hospitali yenyewe nitawaita "ofisi ya juu". Nimeondoa tarehe, jina la kituo cha redio, na mambo mengine madogo ambayo yangemtambulisha mtu. Niliombwa kulipitia faili zima baada ya kipindi kurushwa: barua, meseji, na nakala za karatasi zilizotolewa. Mwandishi na mhariri wake waliridhia kisa kiandikwe. Sista aliyetoa dokezo aliridhia kupitia mtu wa tatu.

## Usuli

Hospitali ina mtambo wa kuzalisha oksijeni, mmoja wa ile mingi iliyofungwa humu nchini wakati wa korona. Mtambo wa aina hii huvuta hewa ya kawaida, ambayo asilimia 78 yake ni nitrojeni na 21 ni oksijeni, ukaisukuma kwenye matangi yenye chembe za zeolaiti. Chembe hizo hushika nitrojeni, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya takriban asilimia 93. Kazi nzito hufanywa na kompresa, yaani pampu inayobana hewa. Kompresa ina mita inayohesabu saa ilizofanya kazi, na fundi hujua wakati wa kubadilisha vichujio kwa kuisoma mita hiyo. Msomaji aikumbuke mita, maana ndiyo iliyokuja kusema.

Mtambo usipofanya kazi, hospitali hununua mitungi. Mtungi mkubwa, ule wa aina ya J, hubeba lita 6,800. Mgonjwa mmoja anayepewa lita 10 kwa dakika huumaliza kwa muda wa saa 11 hivi. Watoto wachanga hutumia kidogo zaidi, lakini wodi yao haina nafasi ya kungoja lori lililokwama kwenye foleni.

Kwa upande wa sheria, Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari, Nambari 31 ya 2016, ndiyo inayoeleza haki hiyo inavyotumika: mkuu wa taasisi ndiye afisa wa kutoa habari, ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, jibu hutolewa ndani ya siku 21, na anayeomba halazimiki kusema anataka habari za nini. Wanahabari wengi wa afya ninaowafahamu wanaijua Ibara ya 35 kwa kichwa. Walioandika barua chini ya sheria ya 2016 ni wachache mno.

## Dokezo

Sista mmoja wa wodi ya watoto wachanga alimtumia mwandishi picha kwa WhatsApp: ukurasa wa kitabu cha zamu. Ulikuwa na majina ya kina mama, nambari za kulazwa na maradhi ya watoto, na pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mitungi imeisha na wodi imeazima kwa jirani. Baada ya picha ikaja sauti: mtambo umezimwa makusudi ili watu wauze mitungi, na watoto wanakufa.

Hapa mhariri alifanya jambo la maana kuliko mengine yote katika faili hili. Alichukua daftari akagawa sauti ile katika madai matatu. La kwanza, mtambo haufanyi kazi. La pili, umezimwa kwa ajili ya biashara ya mitungi. La tatu, watoto wamekufa kwa sababu hiyo. Kisha akamuuliza mwandishi: kila moja lingeacha karatasi gani, na karatasi hiyo inakaa kwa nani? La kwanza lingeonekana kwenye kitabu cha mtambo, kwa mhandisi wa vifaa vya tiba. La pili lingehitaji mkataba, LPO (hati za kuagiza bidhaa) na stakabadhi za stoo. La tatu hawakuwa na hakika kama kuna karatasi yoyote inayoweza kulithibitisha, kwa sababu mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kufa kwa sababu nyingi kwa pamoja na kitabu cha stoo hakiwezi kuzitenganisha.

Kuhusu picha, uamuzi ulikuwa huu: mwandishi alinakili tarehe na maneno ya kalamu nyekundu kwenye daftari lake, akaifuta picha kwenye simu, kwenye mazungumzo na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi linalolindwa zaidi. Kuna msamaha kwa kazi ya uandishi wa habari, ndiyo, lakini msamaha huo unategemea maslahi ya umma, na majina ya kina mama wale hayakuwa na uhusiano wowote na mtambo. Wapo waliomwambia mwandishi amechoma ushahidi. Siafikiani nao. Kitabu chenyewe kilibaki wodini, na kingeweza kuombwa majina yakiwa yamefichwa. Simu ya mwandishi, kwa upande wake, hupanda matatu kila siku.

## Ofisi ya mawasiliano

Mwandishi alianza pale wengi wetu huanzia. Alienda kwa afisa wa mawasiliano na orodha ya maswali, la kwanza likiwa kama ni kweli mtambo umeharibika.

"Madam, unajua habari za wagonjwa ni siri. Hizo hatuwezi kutoa."

"Lakini sijauliza mgonjwa, nimeuliza mashine."

"Andika barua pepe, nitaipeleka kwa daktari mkuu."

Barua pepe ikatumwa. Halikuja jibu. Akapiga simu, akaambiwa daktari mkuu yuko mkutanoni. Akaenda mwenyewe, akaambiwa aje wiki ijayo.

Simlaumu sana afisa yule. Hana ufunguo wa stoo, hana mkataba wowote kwenye meza yake, na akisema neno ambalo wakubwa hawajalipitisha, kazi yake iko hatarini. Kazi yake ni kauli. Aliyeombwa kauli anaweza kunyamaza na hakuna sheria itakayomgusa. Karatasi ni jambo jingine: sheria ya 2016 haimlazimishi mtu yeyote kujibu maswali ya mwanahabari, inamlazimisha kutoa habari alizonazo. Mwandishi alipoteza muda mwingi kabla tofauti hiyo haijamkaa.

## Barua ya kwanza

Baada ya kuzungushwa, akaandika ombi rasmi kwa daktari mkuu. Ninayo nakala mbele yangu. Aya ya kwanza inaomba "taarifa zote kuhusu oksijeni hospitalini tangu mtambo ulipofungwa". Aya ya pili inaomba maelezo ya "usiku ambapo mitungi iliisha katika wodi ya watoto wachanga na ikalazimu kuazima", na tarehe imetajwa. Aya ya tatu inadai jibu ndani ya saa 48 kwa kuwa jambo linahusu uhai.

Kila aya ilileta tatizo lake, ila uzito haukuwa sawa.

"Taarifa zote" ni mzigo ambao hata afisa mwenye nia njema hajui auanzie wapi. Sheria inamruhusu kuongeza muda mara moja, hadi siku 14, pale ombi linapokuwa kubwa. Ombi pana kama hili humpa kisingizio bure.

Saa 48 zimo kweli katika kifungu cha 9, kwa habari zinazohusu uhai au uhuru wa mtu. Lau mwandishi angeuliza kama leo hii wodini kuna oksijeni ya kutosha, dai hilo lingekuwa na miguu. Lakini aliomba mambo ya miezi iliyopita na mikataba. Mwanasheria wa upande wa pili akiona dai lisilosimama, husoma na mengine yote kwa jicho hilo hilo.

Aya ya pili ndiyo iliyoumiza. Tukio la usiku ule lilijulikana na watu wa zamu moja tu. Barua ilipotua mezani, hakuna aliyejishughulisha na mtambo. Daftari la zamu lilifunguliwa, majina yakasomwa, na masista waliokuwa kazini usiku huo wakaitwa mmoja mmoja kuandika maelezo. Hakuna aliyeshtakiwa wala kupewa barua ya nidhamu. Sista wetu alihamishiwa kitengo kingine, akaambiwa ni mzunguko wa kawaida wa wafanyakazi, na hatuna karatasi ya kuonyesha vinginevyo. Tangu hapo hakujibu tena meseji za mwandishi.

Kuhusu ombi lenyewe, mwandishi alipigiwa simu akaambiwa aiandikie ofisi ya juu. Sheria inasema kama habari ziko kwa taasisi nyingine, ombi lihamishiwe huko ndani ya siku 5 na mwombaji ajulishwe. Hapa halikuhamishwa wala halikukataliwa kwa maandishi. Siku 21 zikapita. Kwa mujibu wa sheria, kimya cha namna hiyo huhesabiwa kuwa ni kukataliwa.

## Kukata rufaa au kuanza upya

Kwa kuwa kimya ni kukataliwa, mlango wa Tume ya Haki ya Kiutawala ulikuwa wazi. Ni ile ambayo wengi tunaiita Ombudsman, yenye ofisi West End Towers kwenye Waiyaki Way. Ombi la mapitio hupelekwa ndani ya siku 30. Mahakama nayo ilikuwa njia. Mwaka 2017, katika kesi ya Katiba Institute dhidi ya kitengo cha Rais cha kusimamia utekelezaji wa miradi, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamuru habari za matangazo ya serikali zitolewe. Mwandishi alikuwa tayari kupanda ngazi hizo mara moja. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Mhariri alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mapitio hupima barua iliyoandikwa, na barua iliyoandikwa ilikuwa mbovu. Kuipeleka kwa Tume ni kuitetea "taarifa zote" ambayo hata wao wenyewe hawakuihitaji, na ni kuurudisha usiku ule mezani pamoja na daftari la zamu. Afadhali waandike upya, hata kama ni kuanza kuhesabu siku 21 nyingine. Nadhani hakukosea. Gharama yake ilikuwa muda, na kwa muda wote huo mtambo ulikuwa umezimwa.

## Karatasi zisizohitaji barua

Kabla ya barua mpya kuandikwa, mwandishi alifanya kazi ambayo ingepaswa kutangulia. Alisoma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 229 ya Katiba inataka ukaguzi huo ufanywe na kuripotiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na ripoti huwekwa mtandaoni ambako yeyote anaweza kuzipakua. Si usomaji wa kufurahisha. Lakini wakaguzi wana tabia ya kwenda kuangalia kifaa kwa macho yao na kuandika kama kinafanya kazi, na hoja zao hutaja aina ya hati walizoziomba. Kwa mwanahabari hizo ni orodha ya ununuzi iliyoandaliwa na mtu mwingine.

Humo alijifunza majina. Bidhaa inapoingia stoo ya serikali hujaziwa fomu ya S13, na inapotolewa kwenda wodini hujaziwa S11. Takwimu za mwezi za hospitali huandikwa kwenye fomu za Wizara ya Afya, mojawapo MOH 711, na huingizwa kwenye mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya. Fomu hiyo ina jumla tu. Haina jina la mtu hata mmoja.

Aliulizia pia kwa mafundi wa mitambo ya aina hii, watu wasio na uhusiano na hospitali ile, kitabu cha mtambo huwa na safu zipi. Wakamwambia: tarehe, saa za mita, usafi wa oksijeni, shinikizo, na maoni ya fundi.

## Barua ya pili

Safari hii zilikuwa barua mbili. Moja kwa hospitali, ikiomba kitabu cha mtambo kwa miezi 18, fomu za S13 za mitungi ya oksijeni kwa kipindi hicho hicho na kwa hospitali nzima, na jumla za kila mwezi za MOH 711 kuhusu watoto wachanga. Ya pili kwa ofisi ya juu, ikiomba mkataba wa kufunga mtambo, mkataba wa matengenezo kama upo, na LPO za mitungi. Hakuna wodi iliyotajwa wala usiku uliotajwa.

Mwandishi alizitia sahihi kwa jina lake na nambari ya kitambulisho, si kwa jina la kituo. Sheria ya 2016 inaihesabu kampuni inayodhibitiwa na Wakenya kuwa raia kwa ajili ya maombi haya, ila hakutaka mtu apate nafasi ya kuuliza hisa za redio ni za nani. Na aliziandika kwa Kiswahili, kwa kuwa kipindi ni cha Kiswahili na kifungu cha 8 kinaruhusu.

Mama wa masjala aliishika ile ya hospitali akaipindua nyuma na mbele.

"Dada, hii ya Kiswahili itasomwa na nani huko juu?"

"Wataisoma tu, mama. Sheria imekubali."

"Na unataka haya yote ya nini?"

"Hiyo sheria imesema nisiulizwe."

Mama akacheka. Akasema wacha ampigie daktari kwanza. Mwandishi akamwomba, kwa upole, amgongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala kabla ya simu, kwa kuwa kupokea barua si kuikubali. Muhuri ukagongwa, tarehe ikasomeka vizuri, na nambari ya faili ikaandikwa kwa mkono kwenye kona. Bila muhuri huo siku 21 hazina pa kuanzia, na barua pepe iliyotumwa kwa anwani isiyofunguliwa na mtu haiwezi kushindana nao.

Hospitali ilijibu muda ukikaribia kuisha. Ilitoza gharama ya kutoa nakala, ambayo inaruhusiwa mradi iwe ya kiasi. Kuwasilisha ombi lenyewe ni bure. Mwandishi alilipa kwa keshia, akachukua risiti, na akapewa bahasha.

Ofisi ya juu ilinyamaza. Sasa wakaenda kwa Tume, wakiwa na barua fupi, safi, na muhuri. Tume iliiandikia ofisi hiyo kutaka maelezo, na mkataba ukatolewa kabla mambo hayajafika mbali. Bei zote zilikuwa zimepakwa wino mweusi.

## Ndani ya bahasha

Kitabu cha mtambo kilikuwa na mwandiko wa watu watatu tofauti na doa la chai kwenye ukurasa mmoja. Kwa miezi ya mwanzo saa za mita zinapanda kila siku. Kisha zinasimama. Ukurasa baada ya ukurasa tarakimu zile zile zimenakiliwa, kila siku, na fundi mwaminifu aliyeendelea kwenda kusoma mita ya mashine isiyowaka. Maoni yake ya mwisho yanasema muda wa kubadilisha vichujio umefika na kibali kinasubiriwa.

Mkataba ulieleza kilichobaki. Aliyefunga mtambo aliuhudumia katika kipindi cha dhamana. Baada ya hapo mwenye mtambo alitakiwa kuingia mkataba mwingine wa matengenezo. Mkataba huo haukuwepo kati ya karatasi zilizotolewa, na ofisi ya juu ilipoulizwa tena kwa maandishi ilijibu kwamba "uko katika hatua za maandalizi". Fomu za S13 zilionyesha mitungi ikiongezeka kuanzia pale mita iliposimama.

Dai la kwanza likasimama wima. La pili halikupata mguu: karatasi zilionyesha uzembe wa kutotenga fedha za matengenezo, hazikuonyesha njama. Huenda njama ipo. Lakini LPO hazikutolewa, na bila hizo hakuna aliyejua nani aliuza mitungi wala kwa bei gani. Kuhusu la tatu, jumla za MOH 711 zilipanda na kushuka mwezi kwa mwezi, kabla na baada ya mita kusimama, bila mwelekeo ambao mtu mwangalifu angeuegemea. Mhariri aliamua dai hilo lisitajwe kabisa, hata kwa maneno ya "inadaiwa". Mwandishi alipinga. Alisema sista hakuwa na sababu ya kudanganya. Mhariri akajibu kwamba sista hakudanganya, alisema alichokiona akiwa amechoka na ameumia, na mama aliyezika mtoto akisikia redioni kwamba ingekuwa mitungi mtoto angepona, huwezi kumrudishia neno hilo.

## Kipindi

Kilirushwa asubuhi, dakika 12. Hospitali ilipewa nafasi ya kujibu na ikatuma mistari miwili kwamba utaratibu wa kupata fundi unaendelea. Baadaye mtambo ulianza kufanya kazi tena. Kama ni kwa sababu ya kipindi au vichujio vilikuwa njiani tayari, faili halisemi.

## Uchambuzi

Watu waliosoma faili hili kabla yangu waliona kisa cha hospitali inayoficha habari. Ficho lilikuwepo, ila si pale walipolitazamia. Karatasi zilizokuwa hatari kwa hospitali, yaani kitabu cha mtambo, zilitoka kwa barua moja iliyoandikwa vizuri. Hospitali haikuwa na mpango wa kuzificha, ila hakuna mtu aliyekuwa ameziomba kwa jina. Kilichofichwa kwa makusudi ni bei, na bei hazikukaa hospitalini.

Kisingizio cha siri ya mgonjwa kinahitaji kuchambuliwa kwa sababu kitaendelea kutumika. Kuna habari za mtu: jina, maradhi, faili lake. Hizo zinalindwa na Ibara ya 31 ya Katiba na sheria ya 2019, na mwanahabari wa afya hana budi kuwa wa kwanza kuzilinda. Maadili ya taaluma yetu yanataka hata kuingia sehemu zisizo za umma hospitalini kuwe kwa idhini ya mhusika. Kuna jumla, ambazo hazimtaji mtu, ingawa katika wodi ndogo jumla ya mmoja au wawili inaweza kumtambulisha mtu kwa jirani yake. Na kuna mashine, stoo, mikataba na fedha, ambako hakuna mgonjwa hata mmoja. Mwandishi alipochanganya mambo haya katika orodha moja ya maswali, alimpa afisa nafasi ya kujibu yote kwa kauli ya siri ya mgonjwa. Alipoyatenganisha, kisingizio hakikurudi tena.

Sasa sista. Barua ya kuomba habari ni hati. Husomwa, hunakiliwa, hupelekwa kwa mwanasheria, na kila anayeisoma hujiuliza huyu amejuaje. Ulinzi wa kifungu cha 16 cha sheria ya 2016 upo: mtu asiadhibiwe kazini kwa kufichua jambo la maslahi ya umma. Lakini kifungu hicho kinauhesabu moja kwa moja kuwa wa maslahi ya umma ufichuzi uliopelekwa kwa vyombo vya kutekeleza sheria au kwa taasisi husika ya umma. Aliyempelekea mwanahabari ana kazi ya kuthibitisha zaidi. Na uhamisho ulioitwa mzunguko wa kawaida ni vigumu kuuthibitisha kuwa adhabu.

Barua ya pili inaonyesha jinsi ingewezekana tangu mwanzo. Omba kipindi kirefu kuliko tukio. Omba hospitali nzima badala ya wodi. Omba karatasi ya stoo, inayopitia mikono mingi, badala ya ya wodi, inayopitia michache. Ikiwezekana subiri hata dokezo lipoe kidogo. Kuna swali moja ambalo mwandishi hakumuuliza sista kabla ya kuandika, nalo ni watu wangapi wanajua hili. Jibu lingekuwa watu wanne au watano, na aya ya pili isingeandikwa.

Taasisi nazo zina lao. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo ya 2016 kinataka zichapishe habari zao bila kungoja kuombwa. Hospitali ikibandika ukutani saa za mita ya mtambo kila mwezi, haitapata barua kama hizi, na mama wa masjala hatalazimika kukisia kama Kiswahili kitasomwa.

Bei bado. Ofisi ya juu ilisema ni siri ya kibiashara ya aliyefunga mtambo, na sheria kweli inalinda maslahi ya kibiashara ikiwa kuyafichua kutaleta madhara makubwa. Lakini kifungu cha 138 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinamtaka afisa mhasibu achapishe mikataba yote iliyotolewa, na agizo la Rais la 2018 lilitaka habari za zabuni ziwekwe kwenye tovuti ya serikali ya ununuzi kuanzia Julai mwaka huo. Mwandishi aliitafuta zabuni hii kwenye tovuti hiyo na hakuiona. Ameandika barua ya tatu, inayoomba ukurasa mmoja tu, ule wa tangazo la aliyeshinda zabuni. Ikikataliwa atarudi kwa Tume, na sioni ofisi ya juu itakavyoeleza kwamba kitu kilichotakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ni siri ya mtu.